Ni Bawasiri au Kitu Kingine? Anza na Dalili Kabla ya Dawa

Bawasiri ya ndani, maadamu haijashuka ikanasa nje, kwa kawaida haiumi. Huvuja damu, hushuka wakati wa choo, huacha ute na kuwasha, lakini haiumi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo linalowapoteza watu wengi. Anayeingia duka la dawa akasema "nina bawasiri, hata kukaa siwezi" mara nyingi ana jambo jingine: damu iliyoganda kwenye bawasiri ya nje, au mchaniko, au jipu. Kila moja lina tiba yake, na tyubu moja ya kupaka haiwezi kuwa jibu la yote. Upande wa pili nao una hatari yake. Mwenye kutokwa na damu bila maumivu hujipa moyo kwamba ni bawasiri tu, ilhali saratani ya utumbo mpana nayo huvuja damu bila kuuma.

Ninahudumu katika duka la dawa huku Majengo, Mombasa, na shida hii huletwa kwa sauti ya chini. Mtu atanunua kwanza dawa ya kichwa, asubiri kaunta iwe tupu, ndipo aseme lililomleta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna ile dawa ya... ya huku nyuma?"

"Ipo, mzee. Inauma, ama ni damu tu?"

"Damu tu. Haiumi hata kidogo, ndiyo maana nimekaa nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Na wakati huo Idi kubwa ilikuwa ishapita. Mzee wa umri ule, damu ya miezi, hapewi dawa ya kupaka. Huelekezwa hospitali akapimwe. Haya yanayofuata ni maswali ninayotamani kila mtu ajiulize kabla hajafika kaunta.

Mahali penyewe pakoje

Njia ya haja kubwa kwa mtu mzima ina urefu wa sentimita tatu hadi nne hivi. Ndani yake mna vifuko vya nyama laini iliyojaa mishipa midogo ya damu, na kila mtu huzaliwa navyo. Kwa kawaida ni vitatu: kimoja upande wa kushoto, viwili upande wa kulia, mbele na nyuma. Kazi yake ni kusaidia kuziba ili upepo na majimaji yasitoke ovyo, kama ule mpira mdogo ulio ndani ya mfereji. Bawasiri basi si kitu kigeni kilichoota mwilini. Ni vifuko hivi hivi vilivyovimba, na nyama inayovishikilia ikalegea, vikaanza kuteremka.

Karibu sentimita mbili ndani ya njia hiyo kuna mpaka. Juu ya mpaka ni utando wa utumbo, usiohisi kuchomwa wala kukatwa. Chini yake ni ngozi ya mwili, yenye neva nyingi za maumivu. Vifuko vya juu vikivimba, hiyo ni bawasiri ya ndani. Mishipa ya chini ikivimba, ni bawasiri ya nje. Na wapo wenye zote mbili kwa pamoja. Ukilishika hilo la mpaka, nusu ya utambuzi umeshaumaliza.

Damu nyekundu, maumivu hakuna

Hii ndiyo sura ya kawaida ya bawasiri ya ndani. Damu huwa nyekundu ya kung'aa, kwa sababu vifuko hivyo hupokea damu mpya moja kwa moja kutoka kwenye mishipa inayotoka moyoni. Huja mwisho wa choo: hudondoka matone, au hutiririka kidogo, au huupaka mzigo wa choo kwa nje bila kuchanganyika nao. Ikiwa kifuko kinavuja tu na hakijashuka nje, madaktari huita hiyo daraja la kwanza.

Miongozo mingi hukwambia uangalie damu kwenye karatasi. Sisi wengi hapa tunatumia maji, na choo ni cha kuchutama. Ukishamwaga kata mbili ushahidi wote umekwenda. Kwa hivyo ukishuku jambo, kwa siku chache fanya hivi: kabla ya kustanji jifute mara moja kwa karatasi nyeupe uitazame, na ukitazame choo chenyewe kabla hujamwaga maji. Tazama kama damu iko juu ya choo au imechanganyika nacho. Tazama kama kuna ute. Tazama kama choo kimekuwa chembamba kuliko ulivyozoea. Ni kazi isiyopendeza, lakini majibu hayo matatu yatamfaa daktari kuliko maelezo mengine yoyote utakayompa.

Sasa, lini damu isiitwe bawasiri? Ikiwa imechanganyika ndani ya choo. Ikiwa ni ya rangi iliyokolea, kama hudhurungi. Ikiwa umeanza kufunga choo au kuharisha kwa wiki kadhaa bila sababu, au unahisi haja haijaisha hata ukitoka chooni sasa hivi. Ikiwa unakonda bila kujinyima. Ikiwa unachoka upesi, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, na ndani ya kope pamekuwa peupe, maana hapo damu imepungua mwilini. Ikiwa umepita miaka 45, au mzazi au ndugu yako aliugua saratani ya utumbo. Lolote kati ya hayo likikuhusu, bawasiri si jibu mpaka kipimo kiseme. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani wakati mmoja, kwa hivyo hata aliyeambiwa miaka mitano nyuma kwamba ana bawasiri, dalili zake zikibadilika aanze upya.

Damu na ute pamoja na kuharisha, tumbo likisokota na pengine homa, ni kuhara damu, na huko kuna amiba na bakteria. Peleka choo maabara. Choo cheusi, cha kunata kama lami na chenye harufu kali, ni damu inayotoka tumboni juu, na ni dharura ya siku hiyo hiyo. Lakini kabla hujashtuka, kumbuka kama unameza vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu madini ya chuma hukifanya choo kuwa cheusi bila madhara. Bitruti nayo hukifanya chekundu.

Jambo moja zaidi hapa. Mwenye ugonjwa mkubwa wa ini anaweza kuvimba mishipa ya utumbo wa chini kwa sababu damu haipiti vizuri kwenye ini. Hiyo si bawasiri, na ikipasuka hutoa damu nyingi sana. Mtu wa namna hiyo asikubali mtu yeyote amguse nje ya hospitali.

Kinatoka, halafu kinarudi

Kinyama kikishuka wakati wa kujikamua kisha kikarudi chenyewe ukisimama, hilo ni daraja la pili la bawasiri ya ndani. Kikihitaji kusukumwa kwa kidole ndipo kirudi, ni la tatu. Kikikaa nje na hakirudi hata ukikisukuma, ni la nne. Daraja hizi si maneno ya madaktari tu. Ndizo zinazoamua tiba. Wa kwanza na wa pili wengi hupona kwa chakula, maji na kubadili tabia za chooni. Wa tatu mara nyingi huhitaji kufungwa mipira, yaani kipira kidogo kinachobana kifuko kikose damu. Wa nne huelekea upasuaji.

Jihadhari na hali moja: kinyama cha daraja la nne kikinaswa nje na misuli ikakibana, damu haipiti, kinavimba, kinageuka rangi ya zambarau kuelekea nyeusi, na hapo maumivu huwa makubwa mno. Huyo ni mgonjwa wa dharura. Hakuna kusubiri asubuhi.

Si kila kinachotoka ni bawasiri. Nyama ikitoka mzunguko mzima, yenye mikunjo ya duara, huenda ni utumbo wa chini wenyewe unaotoka, jambo linalowapata zaidi akina mama wazee, na pia watoto wadogo waliodhoofika kwa kuharisha. Kwa mtoto, usitumie hata siku moja dawa ya bawasiri ya watu wazima, kwa kuwa bawasiri kwa watoto ni nadra sana, mpeleke akaonwe. Kipande laini cha ngozi kinachoning'inia nje muda wote, hakiumi wala hakitoi damu, mara nyingi ni ngozi iliyobaki baada ya uvimbe wa zamani, na ukipenda unaweza kuishi nacho. Vijinyama vingi vidogo vya kukwaruza vinavyoongezeka ni chunjua, na hizo zina tiba yake.

Uvimbe mgumu, wa ghafla, unaouma

Jana hapakuwa na kitu. Leo, pengine baada ya kujikamua sana, au kubeba mzigo, au safari ndefu, kuna uvimbe mgumu mlangoni, wa sentimita moja au mbili, wenye rangi ya buluu au zambarau, na kukaa ni tabu. Hii ni bawasiri ya nje ambayo damu imeganda ndani yake. Iko chini ya ule mpaka, ndiyo maana inauma.

Maumivu hupanda kwa siku mbili tatu za mwanzo, kisha huanza kushuka yenyewe. Saa ndizo zinazoamua hapa. Ukifika kwa daktari ndani ya saa 72, anaweza kukutia ganzi, akaitoa damu ile iliyoganda, na nafuu ikapatikana siku ile ile. Zikishapita, mara nyingi kukata hakuna faida kubwa, kwa sababu mwili umeanza kuinyonya wenyewe. Uvimbe hupungua kwa wiki mbili tatu na huenda ukaacha kipande cha ngozi. Katika muda huo tumia maji ya uvuguvugu, parasetamoli, na barafu iliyofungwa kwenye leso kuukuu, dakika kumi kisha iondoe. Wala usikitoboe kwa sindano nyumbani. Najua wapo wanaofanya hivyo. Mahali pale hapakosi bakteria, na uvimbe wa wiki mbili unaweza kugeuka jipu la miezi.

Maumivu ya kukata wakati choo kinapita

Kama ningechagua ugonjwa mmoja unaoitwa bawasiri bila kuwa bawasiri, ningetaja huu: mchaniko wa ngozi ya njia ya haja kubwa. Choo kigumu kimepita, kimechana ngozi, mara nyingi upande wa nyuma kuelekea mgongo. Dalili zake hazifichiki. Maumivu ni makali choo kinapopita, kisha hubaki yakichoma au kukaza kwa dakika nyingi, hata saa. Damu ni kidogo, nyekundu, ni mchirizi tu. Na mgonjwa anaanza kuogopa choo.

Hofu hiyo ndiyo inayoulea ugonjwa. Mtu anazuia haja, choo kinakaa ndani na kukauka, kinakuwa kigumu zaidi, kinapotoka kinachana tena. Pamoja na hayo, misuli ya ndani hujikaza kwa maumivu, na misuli iliyokazwa haipitishi damu ya kutosha kuponya kidonda. Kwa hivyo tiba ina mambo mawili: kulainisha choo na kulegeza misuli. La kwanza unaliweza nyumbani. La pili, maji ya uvuguvugu husaidia, na mchaniko ukigoma daktari huandika dawa ya kupaka yenye nitrogliserini au diltiazemu, ambayo hulegeza misuli hiyo. Michaniko mingi mipya hufunga ndani ya wiki sita hadi nane. Pilipili haisababishi mchaniko wala bawasiri, ila mwenye kidonda pale atajuta aliyoila jana, basi aiache kwa muda.

Mchaniko ulio ubavuni badala ya nyuma au mbele, au vidonda vingi, au usiopona kabisa, unahitaji uchunguzi zaidi, kwa kuwa kifua kikuu, Virusi Vya Ukimwi, kaswende na magonjwa ya uvimbe wa utumbo hujitokeza hapo pia.

Maumivu ya kupwita, homa, usaha

Ni jipu. Maumivu hayategemei choo. Yanapwita usiku na mchana na kuongezeka kila siku, pamoja na uvimbe wa moto pembeni mwa njia, na pengine homa na kutetemeka. Antibiotiki peke yake haitoshi. Jipu la pale hupasuliwa usaha utoke. Mwenye kisukari asilale nalo hata usiku mmoja, kwa sababu kwake maambukizi husambaa upesi kwenye nyama za jirani na yanaweza kuua.

Jipu likipasuka lenyewe, mtu hupata nafuu akadhani yamekwisha. Lakini ukiona baada ya wiki kadhaa kuna kitundu pembeni kinachotoa usaha, kinafunga na kufunguka, hiyo ni nasuri: njia imejichimba kutoka ndani hadi nje ya ngozi. Haiponi kwa kupaka kitu. Ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Kuwashwa tu

Bawasiri inayoshuka huleta ute, na ute huwasha. Lakini kuwashwa peke yake mara nyingi kuna sababu nyepesi: sabuni yenye manukato, kusugua kupita kiasi, au kustanji kisha kuvaa bila kujikausha, na kwa joto letu hapo fangasi hupata makao. Osha kwa maji matupu, kausha kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, vaa nguo za pamba. Kukiwasha zaidi usiku, na hasa kama watoto nyumbani nao wanajikuna, fikiria minyoo midogo ya uzi. Nyumba nzima hutibiwa siku moja kwa albendazoli au mebendazoli, na dawa hurudiwa baada ya wiki mbili.

Mbona imenipata mimi?

Kubwa kuliko yote ni kujikamua, na kukaa chooni muda mrefu. Choo chetu cha kuchutama kina faida yake, kwani mchutamo huinyoosha njia na choo kikateremka kwa urahisi. Lakini faida hiyo inapotea mtu akichutama robo saa na simu mkononi: mlango umefunguka, uzito wote uko chini, damu inajaa kwenye vifuko. Dakika tano zinatosha. Kisipotoka, inuka, utarudi haja ikija. Mwenye choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele kidogo.

La pili ni chakula. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Tazama sahani zetu: kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu moja, chapati na mahamri ya unga mweupe hayana la kujivunia, viazi karai vimemenywa maganda. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina kama gramu 11. Kwa hivyo katika mahamri kwa mbaazi, mbaazi ndiyo iongezwe na mahamri yapunguzwe. Kunde, pojo na maharagwe yako kundi hilo hilo. Pera moja dogo lina kama gramu tatu. Mchicha, kisamvu, papai, embe lenye nyuzi zake, muhogo: hivi vyote viko soko la Kongowea na bei yake si ya hospitali. Ongeza polepole kwa wiki mbili, la sivyo tumbo litajaa gesi ukachukia. Na maji yaende pamoja, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji hukaza zaidi.

Maji yenyewe ndiyo tunayoyapoteza. Msimu wa kaskazi, joto na unyevu, mtu anatoka jasho hata akiwa amekaa barazani, na kinywaji chake ni kahawa chungu na chai. Ramadhani huzidisha: mchana mkavu, futari ya sambusa, kaimati na viazi vya nazi, daku ya wali, mboga hazionekani. Kila mwaka mwezi huo maswali ya choo kigumu huongezeka dukani. Kunywa kidogo kidogo tangu futari hadi daku badala ya bilauri nne kwa pamoja, weka bakuli la kunde au pojo mezani, na tende usizivue ganda.

Muguka na miraa naye anahusika. Tanini iliyomo hufunga choo, na mtafunaji hukaa saa nyingi, hana hamu ya kula, maji ni machache. Anayetibiwa bawasiri huku akiendelea kutafuna anafukia shimo analolichimba mwenyewe.

Wajawazito ni kundi kubwa. Mtoto anaibana mishipa, homoni zinailegeza na kupunguza mwendo wa utumbo, na vidonge vya chuma vya kliniki vinakaza choo. Dada, usiache vidonge hivyo kwa siri. Mwambie muuguzi, atakushauri namna ya kuvimeza au akupe laktulosi ya kulainisha choo, ambayo haina shida kwa mimba. Bawasiri nyingi za mimba hupungua zenyewe baada ya kujifungua.

Wengine ni wapakizi wanaobana pumzi chini ya gunia, madereva wa malori na tuktuk wanaozuia haja mpaka wafike, wenye kikohozi cha muda mrefu, wenye unene, na umri wenyewe, maana nyama inayoshikilia vifuko huchoka.

Kukaa kwenye baraza la moto au sakafu ya baridi hakuleti bawasiri. Si ugonjwa wa zinaa na hauambukizi. Haugeuki kuwa saratani, wala haumalizi nguvu za kiume, ingawa wauzaji wengi wa dawa wanaishi kwa hofu hiyo. Tena haumwambii mtu yeyote chochote kuhusu mwenendo wako. Nalisema wazi kwa sababu ninajua ni wangapi wanaokaa na damu kwa kuogopa watadhaniwa nini.

Unachoweza kuanza leo

Beseni la maji ya uvuguvugu, ukalie dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku na baada ya choo. Maji matupu yanatosha. Usitie dawa ya kuua viini, inachoma ngozi. Kausha kwa leso laini. Kwa maumivu meza parasetamoli. Epuka tramadoli na kodeini, zinafunga choo barabara, na kama unavuja damu epuka aspirini na ibuprofeni ulizojinunulia. Aspirini au dawa ya kuyeyusha damu uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache mwenyewe; muulize daktari.

Kama chakula hakitoshi, maganda ya isabgol, nyuzinyuzi za mbegu, huuzwa kwenye maduka mengi ya dawa na ya viungo mjini. Kijiko kwenye bilauri kubwa ya maji, unywe papo hapo, na bilauri nyingine juu yake. Sanamaki ninaiheshimu, lakini hiyo husukuma utumbo kwa nguvu na husokota. Ni ya siku chache, haifai kuwa chai ya kila siku.

Dawa za kupaka na za kuingiza hupunguza maumivu na kuwasha. Hazirudishi kifuko kilichoshuka. Zenye haidrokotisoni zisizidi siku saba, kwani hufanya ngozi kuwa nyembamba. Diosmini za kumeza husaidia kupunguza damu kwa baadhi ya watu. Ukitumia haya yote kwa wiki moja na damu haijapungua, acha kununua, nenda ukapimwe.

Na yale mabango ya nguzo za stima, "bawasiri dakika tano bila kisu"? Dawa nyingine za humo ni mitishamba ya kuharisha tu. Zinazonitisha ni dawa za kuchoma, za kupaka au kudungwa. Zinaunguza kifuko kweli, lakini pamoja nacho huunguza ngozi nzima, kovu linafunga njia, na mtu anabaki na mlango mwembamba usiopitisha choo, au misuli iliyoharibika isiyozuia. Daktari hawezi kurudisha kila kilichoungua.

Ukifika hospitali

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikihitajika watakuandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, Port Reitz, Tudor, Likoni au Hospitali ya Rufaa ya Pwani. Una haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamke au mwanamume mwenzako, na kuwa na mtu wako chumbani. Sema bila kuzunguka: "Natokwa na damu njia ya haja kubwa," na tangu lini. Utalala ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa. Daktari atatazama kwanza, kisha ataingiza kidole chenye glavu na mafuta, halafu kibomba kifupi chenye taa, kwa sababu bawasiri ya ndani ambayo haijashuka haipapasiki vizuri kwa kidole. Ni dakika chache. Ukiwa na maumivu makali ya mchaniko, mwambie mapema, kipimo cha ndani kinaweza kungoja. Akishuku jambo la juu zaidi, atakuandikia kipimo cha kamera ya utumbo mpana.

Kufunga kwa mipira hufanywa kwa daraja la kwanza lililogoma, la pili na la tatu. Kipira kidogo huvishwa shingoni mwa kifuko, juu ya ule mpaka, mahali pasipohisi maumivu, kwa hivyo hakuna haja ya ganzi; utahisi mbano na kama haja inakuja. Kifuko hukosa damu na kudondoka baada ya siku tano hadi kumi. Kwa daraja la nne na la tatu kubwa kuna upasuaji. Njia ya kukata vifuko ya madaktari Milligan na Morgan, iliyoandikwa London mwaka 1937, bado inatumika duniani kote. Inauma kwa wiki mbili hivi na kidonda huchukua wiki nne hadi sita, lakini ndiyo ambayo bawasiri hurejea mara chache zaidi baada yake.

Aliyefungwa mipira atarajie matone ya damu siku kifuko kinapodondoka. Damu ikiwa nyingi ya kulowesha nguo, maumivu yakizidi badala ya kupungua, homa ikipanda au ukashindwa kukojoa, rudi siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na uwaambie mipira ilivishwa tarehe gani.